Feni ya Paani: Kuondoa Joto Katika Karavani Kuukuu

Katika somo hili tutachunguza kifaa kidogo kinachoonekana kuwa cha anasa, lakini ambacho hufundisha mengi kuhusu joto, hewa na umeme. Kifaa hicho ni feni inayofungwa katika paa la karavani, yaani nyumba ndogo iliyojengwa juu ya tela na kukokotwa na gari. Karavani zimejulikana katika bara letu kwa muda mrefu. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa karavani za alumini za Airstream kutoka Cape Town hadi Cairo, ukapitia Afrika Mashariki na Ethiopia, na kufika mwisho wa safari mwaka 1960. Kanuni tutakazozieleza zinahusu pia kila chumba kilichoezekwa kwa bati, na wanafunzi wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wanakijua chumba cha namna hiyo vizuri kuliko karavani yoyote.

Chumba cha bati hupataje joto?

Mji wa Musoma uko karibu nyuzi moja na nusu kusini ya Ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Paa hupokea mnururisho wa jua, huwa la moto, kisha hulipitisha joto hilo kwa hewa iliyo chini yake. Hewa yenye joto hutanuka na kuwa nyepesi. Kwa kanio lile lile, hewa ya nyuzi 45 za Selsiasi ina densiti ndogo kwa asilimia 5 hivi kuliko hewa ya nyuzi 30. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inatosha kuifanya hewa ya moto ipande na kujikusanya chini ya paa. Mwendo huu ndio unaoitwa myuko.

Isitoshe, hewa ina uzito. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 ina masi ya kilo moja hivi. Karavani yenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2 ina ujazo wa mita 16, na hewa iliyomo ni kilo 16 hivi. Hiyo ndiyo shehena ambayo feni inatakiwa kuitoa nje.

Feni haipozi hewa

Watu wengi hudhani kwamba feni hutengeneza ubaridi. Pangaboi la darini huvuruga tu hewa iliyomo chumbani na kusaidia jasho kukauka. Feni ya paani kazi yake ni nyingine: huitoa hewa ya moto ili hewa ya nje ichukue nafasi yake. Hivyo haiwezi kukipoza chumba kuliko hewa ya nje ilivyo.

Tuseme feni inatoa mita za ujazo 0.2 kwa sekunde. Itaibadilisha hewa yote ya karavani yetu kwa sekunde 80. Lakini kiasi kinachotoka lazima kilingane na kiasi kinachoingia. Ikiwa hewa inaingia kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, dirisha linahitaji uwazi wa mita ya mraba 0.2, sawa na sentimita 50 kwa 40. Tukiweka wavu wa kuzuia mbu, na wavu huo ukaziba nusu ya uwazi, itatubidi tuwe na dirisha lenye ukubwa mara mbili. Wavu ni wa lazima katika nchi yenye malaria, na kando ya ziwa huzuia pia wadudu wadogo wanaoruka kwa makundi yanayofanana na moshi. Lakini wavu uliojaa vumbi na mabawa ya wadudu huinyima feni hewa, hata kama feni yenyewe ni mpya.

Dirisha la kuingizia hewa liwe chini, upande wa kivuli, mbali na feni. Likiwa karibu na feni, hewa itaingia na kutoka papo hapo bila kupita chumbani.

Pima kabla ya kununua

Feni kuukuu ikizunguka polepole, usiharakishe kuilaumu. Iwashe, kisha pima volteji kwenye betri na kwenye ncha za feni. Tuseme betri inaonyesha volti 12 na feni volti 9, huku mkondo ukiwa ampea 4. Volti 3 zimepotea njiani. Waya wa shaba wenye eneo la milimita ya mraba 1 na urefu wa mita 10, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.175 hivi. Kwa ampea 4, waya huo ungepoteza volti 0.7 tu. Volti 2.3 zilizobaki zimepotea katika viungo vilivyoshika kutu au kulegea. Hapo zaidi ya wati 9 zinageuka kuwa joto, pengine ndani ya ukuta wa mbao. Fundi anayefunga feni mpya juu ya viungo hivyo ameiacha hatari ya moto palepale ilipokuwa.

Ikiwa waya ni mzima na mota ndiyo iliyochakaa, feni mpya yenye mota isiyo na brashi inafaa. Mota ya zamani ikitumia ampea 4 na mpya ampea 2, betri ile ile itadumu muda maradufu. Chagua fyuzi inayopendekezwa na mtengenezaji, wala isizidi uwezo wa waya, na uifunge karibu na betri.

Kung'oa na kufunga

1. Tenganisha betri. Weka alama kwenye waya chanya na hasi. Mota ya brashi ikiunganishwa kinyume huzunguka kinyume, na huingiza hewa badala ya kuitoa. Mota isiyo na brashi inaweza kuharibika kabisa.

2. Pima tundu la paani. Katika karavani nyingi za Kimarekani ni mraba wa inchi 14, yaani sentimita 36 hivi.

3. Ondoa gundi ya zamani kwa kipande cha mbao au plastiki ili usikwaruze alumini. Kagua mbao zinazozunguka tundu, zilizooza zibadilishwe.

4. Ziba kwa utepe laini wa butili, wala si kwa kitu kinachokauka na kuwa kigumu. Paa la alumini lenye urefu wa mita 4, likipanda kutoka nyuzi 18 alfajiri hadi nyuzi 60 adhuhuri, hurefuka karibu milimita 4. Kizibo kigumu hupasuka, na mvua ya masika huingia.

5. Kaza skurubu kidogo kidogo kwa zamu, pande zinazokabiliana. Mwaga maji paani na ukague ndani kabla ya kurudisha dari.

Tahadhari

Usiwashe jiko la mkaa ndani ya karavani wala chumba kilichofungwa kwa kutegemea feni. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Feni ikivuta hewa huku madirisha yamefungwa, inaweza hata kuurudisha ndani moshi uliokuwa ukitoka kwa bomba la jiko.

Mazoezi

1. Toboa tundu moja chini na moja juu ya boksi la kadibodi. Weka bati lililoanikwa juani juu ya boksi bila kuziba tundu la juu, na usogeze ubani unaofuka karibu na tundu la chini, nje ya boksi. Moshi unaelekea wapi? Ziba tundu la juu na uangalie tena.

2. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na usiku kinyume chake. Eleza sababu. Katika Musoma, ulioko pwani ya mashariki ya ziwa, dirisha la kuingizia hewa mchana lielekee upande gani?

3. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilihimiza Elimu ya Msingi kwa Wote, na madarasa mengi yakajengwa. Pima urefu, upana na kimo cha darasa lako, kisha kokotoa masi ya hewa iliyomo. Je, kuna tundu lolote karibu na paa la kuitolea hewa ya moto? Kama halipo, chora mahali ambapo lingefaa kuwekwa, na uonyeshe hewa safi itakapoingilia.