Muiri: Gome la Dawa na Mti Unaotoweka

Mwanamume aliyevuka umri wa miaka hamsini, akianza kuamka mara tatu au nne usiku kwenda haja ndogo, hukosi kusikia jamaa wakimshauri atafute gome la muiri. Ushauri huo una msingi, kwani tangu miaka ya 1960 dawa zitokanazo na gome hilo zimeuzwa Ulaya kwa wenye tezi dume iliyotanuka. Hata hivyo, hakuna uthibitisho kwamba gome huponya saratani, nayo dalili za maradhi hayo mawili hufanana. Apimwe kwanza hospitalini, ndipo anunue.

Muiri, ambao wataalamu huuita Prunus africana na Wachaga mkonde-konde, ni mti wa misitu ya milimani. Ramani yake ni mithili ya visiwa vilivyotawanyika: Mlima Kamerun na Bioko upande wa magharibi, nyanda za juu za Ethiopia, Kakamega, Mlima Kenya, Kilimanjaro na Usambara, milima ya Kivu, kisha kusini hadi Afrika Kusini. Baina ya milima hiyo zimo nchi za joto ambamo hauoti, hivyo ukimalizwa mlima mmoja si rahisi urejee wenyewe. Shirika la IUCN limeuorodhesha miongoni mwa viumbe vilivyo hatarini, na tangu 1995 biashara yake baina ya mataifa hudhibitiwa na mkataba wa CITES.

Kuchuna gome si lazima kuue mti. Shina nene likichunwa pande mbili zinazoelekeana, robo kwa robo, bila kujeruhi utando wa ndani, gome huota tena. Likizungushwa lote, mti hukauka. Wapo pia waukatao kabisa ili walifikie gome la juu, maana hulipwa kwa kilo.

Unga uliokwisha kusagwa hauonyeshi ulichunwaje. Basi mnunuzi amwulize muuzaji gome limetoka shamba la nani au msitu upi, na aombe kuona kibali cha mamlaka ya misitu. Muuzaji asiyejua mzigo wake ulikotoka asinunuliwe, hata bei yake ikiwa nafuu. Mwenye shamba la milimani aweza kupanda wake, ila mbegu zisiwekwe akiba, kwani hupoteza upesi uwezo wa kuota.