Familia Inakwenda Kiwanja cha Sikukuu: Uza Chakula Kabla Haijatoka Nyumbani

Somo la leo ni kwa wewe unayepika nyumbani na kuuza kupitia stetasi ya WhatsApp, Instagram au Facebook. Mfano wetu uko Mtoni, Unguja. Lakini hata kama upo Fuoni, Chake Chake au Tanga, hesabu ni ile ile.

Sikukuu ikifika, familia za Mtoni zinapanda daladala za Bububu kwenda mjini. Watoto wanataka pembea na michezo ya uwanja wa kufurahishia watoto Kariakoo (Kariakoo ya Unguja hiyo, si ya Dar). Wengine wanakwenda Mnazi Mmoja, na jioni wanamalizia Forodhani.

Sasa mfikirie baba na mama wenye watoto wanne. Nauli wanaijua. Bei ya michezo wanaweza kuiuliza mapema. Kinachovuruga bajeti ni chakula, kwa sababu hakuna aliyekipanga. Mmoja anataka mishkaki, mwengine urojo, wa tatu kaona pizza ya Forodhani, mdogo analilia maji. Jumla mzazi anaijua akisharudi nyumbani na pochi tupu.

Hapo ndipo biashara yako ilipo. Usijione unauza sambusa tu. Unamuuzia mzazi utulivu: chakula cha watu 6 kishalipiwa, pesa iliyobaki ni ya michezo na nauli ya kurudi.

WAKUBWA WANAFANYAJE?

Walt Disney World ya Florida, Marekani, ilianza mpango wa kulipia chakula mapema mwaka 2005. Ikausimamisha 2020 wakati wa korona, ikaurudisha Januari 2024. Mgeni anayelala kwenye hoteli zao analipia chakula pamoja na chumba. Katika mpango wao mdogo, kila usiku anaolala unampa milo 2 ya haraka na kitafunwa 1. Watoto wa miaka 3 hadi 9 wana utaratibu wao. Na milo ambayo hukuitumia inakufa usiku wa manane siku unayoondoka.

Wewe huna hoteli, lakini chukua mambo matatu: mteja alipe kabla, ajue hasa anapata nini, na ajue mwisho wa kukichukua. Twende hatua kwa hatua.

1. ULIZA SHERIA YA MLANGONI

Kabla hujatangaza, jua kama sehemu wanayokwenda inaruhusu chakula cha nje. Kule Florida unaingia na chakula chako, ila si pombe wala chupa za kioo. Disneyland ya Tokyo hairuhusu watu kuingia na chakula cha nyumbani, ndiyo maana wameweka sehemu ya kukaa na kula nje ya geti. Jina ni moja, sheria ni mbili!

Na hapa kwetu usikisie. Pita mwenyewe wiki moja kabla, uliza. Kama hakiruhusiwi, badilisha tangazo: uza boksi la kula kabla ya kuingia, au la kula baadaye, watu wakikaa kupunga upepo wa bahari.

2. UZA SHIBE, RAHA WAACHIE WENGINE

Mtoto siku hiyo ana pesa yake ya mkono wa sikukuu. Hiyo ni ya aisikrimu, puto na ubuyu. Usishindane nayo, hutoiweza. Wewe lenga pesa ya mzazi, na mzazi anataka mtoto ashibe.

Weka vitu vinavyoshibisha, vinavyoliwa kwa mkono na visivyomwagika: katlesi, sambusa, mkate wa ufuta, kuku wa kukaanga. Ongeza maji na juisi ya ukwaju. Urojo uache, huo utawaharibia nguo za Sikukuu na watakulaumu wewe.

3. PIGA HESABU KWA BOKSI, SI KWA JICHO

Hizi ni namba za mfano tu, weka za sokoni kwako. Boksi la familia la watu 6:

Nyama, viazi, unga, mafuta, viungo: sh. 11,000
Juisi na chupa zake: sh. 4,000
Gesi au mkaa: sh. 1,000
Boksi na tishu: sh. 1,500
Usafiri: sh. 1,000
Jumla: sh. 18,500

Ukiuza sh. 25,000, faida ni sh. 6,500. Boksi 20 zinakupa faida ya sh. 130,000. Inapendeza, siyo? Sasa soma hatua inayofuata, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza mtaji.

4. BILA ARBUNI, USIWASHE JIKO

Umepika boksi 20 kwa sh. 370,000. Wateja 6 hawakutokea. Mmoja simu imezimwa, mwengine "mume wangu kasema tutakula huko huko". Umeuza 14, umepata sh. 350,000. Yaani watu 6 tu wamekula faida yote, na juu yake mtaji wako umepungua sh. 20,000. Umekesha jikoni usiku wa Sikukuu, halafu umelipa wewe!

Sasa weka arbuni ya nusu, sh. 12,500 kwa kila boksi, isiyorudishwa baada ya muda mliokubaliana. Wale wale 6 wakikimbia, unabaki na arbuni zao sh. 75,000. Jumla umepata sh. 425,000, na faida yako ni sh. 55,000. Na zile boksi 6 bado unazo, unaweza kuziuza kwa bei ya chini kwa majirani siku hiyo hiyo.

Mteja mpya akisita, usimkasirikie. Ana haki ya kuogopa, matapeli wa mtandaoni ni wengi. Mtumie picha za kazi zako, mwambie unapoishi, mpe risiti hata ya kuandika kwa mkono. Na wewe pia jilinde: skrinishoti ya muamala si pesa. Angalia salio kwenye simu yako kwanza, ndipo umwambie "nimeipata, ahsante".

5. USIANDIKE TAREHE, ANDIKA SIKUKUU YA NGAPI

Hili ni la kwetu, Disney hawana shida hii. Mfungo unaweza kuwa siku 29 au 30, na habari ya mwezi kuandama inakuja usiku. Ukimuandikia mteja tarehe, mmoja wenu ataumia.

Kwa hiyo chukua oda kwa jina la siku: Sikukuu Mosi, Pili, Tatu au Nne. Unga, mafuta, viungo na maboksi nunua wiki moja kabla, bei haijapanda. Nyama na kuku weka oda kwa muuzaji wako, lakini uchukue mwezi ukishaandama. Na usijaze oda zote Sikukuu Mosi. Siku hiyo ndugu wanatembeleana na kila nyumba ina pilau. Wanaotaka chakula cha kutoka nacho utawapata zaidi Pili na kuendelea. Wape wateja nafasi ya kuchagua, kazi yako igawanyike.

6. JOTO HALINA UNDUGU

Chakula kikimuumiza mtoto wa mtu, jina lako Mtoni limekwisha, na arbuni haitokusaidia. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida. Kwenye jua kali, juu ya nyuzi 32, wataalamu wengi wanashauri saa 1 tu.

Hivyo usipike asubuhi kwa watu wanaotoka alasiri. Nyama isage na kuiunga mapema, ihifadhi kwenye friji, ukaange mwishoni. Vya moto viweke kwenye hotpoti hadi mteja anapofika, juisi kwenye deli la barafu. Juu ya boksi andika saa uliyofunga na "kiliwe kabla ya saa fulani". Mayonezi usiweke. Na mifuko ya plastiki Zanzibar ni marufuku, kwa hiyo funga kwa boksi la karatasi au mwambie mteja aje na kikapu chake.

7. UJUMBE WA KUKOPI

Badilisha maneno yako, lakini usiache kitu:

"Asalaam alaykum. Boksi la familia, watu 6: katlesi 12, sambusa 12, mikate ya ufuta 3, juisi ya ukwaju chupa 6. Bei sh. 25,000. Arbuni sh. 12,500, mwisho tarehe 25 ya Mfungo. Ukiahirisha kabla ya hapo, arbuni yako unarudishiwa yote. Baada ya hapo hairudi. Chagua siku: Sikukuu Pili, Tatu au Nne. Kuchukua Mtoni, saa 9:30 hadi saa 10:30 alasiri. Kiliwe ndani ya saa 2."

Umeona? Kiasi, bei, siku, saa na masharti, vyote vipo. Mteja hana cha kukuuliza mara mbili, na mkigombana ujumbe upo.

MWISHO KABISA

Anza na boksi 10, si 50. Sikukuu hii jifunze, ijayo ongeza. Familia ikirudi nyumbani watoto wameshiba na nauli haikukopwa, mwakani hawatosubiri tangazo lako, watakutafuta wenyewe.

Hifadhi somo hili, na mtumie shoga yako au kaka yako anayepika. Biashara njema!