Kuzuia Kurejea kwa Saratani ya Kongosho: Mpasuaji Anaweza Nini?

"Daktari, imetoka yote?" Ndilo swali la kwanza la mgonjwa aliyeondolewa saratani ya kongosho. Jibu lake halipatikani katika chumba cha upasuaji. Hutoka maabara ya patholojia, na hata huko haliwi la mwisho, kwa sababu saratani hii hurejea kwa takriban wagonjwa watatu kati ya wanne waliofanyiwa upasuaji. Hurejea kwenye ini, ambako chembe zake huwa zimekwisha kufika kabla ya kisu, au hurejea palepale ilipokatwa. Hapo palepale ndipo ufundi wa mpasuaji unapohusika.

Kongosho limelala nyuma kabisa ya tumbo. Kichwa chake kimekumbatiwa na duodeni, na nyuma yake hupita vena ipelekayo damu kwenye ini pamoja na ateri kuu ya utumbo. Uvimbe wa kichwa huondolewa kwa upasuaji wa Whipple, uliopewa jina la Allen Whipple wa New York aliyeueleza mwaka 1935, ingawa Walther Kausch wa Berlin alikuwa amefanya wa namna hiyo mwaka 1909. Kichwa cha kongosho, duodeni, kifuko cha nyongo na sehemu ya chini ya mfereji wa nyongo huondolewa, kisha viungo vilivyobaki huunganishwa upya na utumbo.

Tatizo ni kwamba saratani hii hutambaa kando ya mishipa midogo ya fahamu inayoizunguka ile ateri. Mwaka 2006 wanapatholojia wa Leeds, Uingereza, walichapisha matokeo ya kupaka kingo zote za nyama iliyokatwa wino wa rangi mbalimbali na kuichanja vipande vyembamba. Katika asilimia 85 ya saratani za kongosho walizozichunguza hivyo, chembe zilifika ukingoni au zilibakiza chini ya milimita moja. Kumbe "tumetoa yote" ya miaka mingi ilitegemea sana ukingo ulivyotazamwa.

Ndiyo maana wapasuaji wengi sasa huanza na ateri. Zamani shingo ya kongosho ilikatwa mapema, na ikishakatwa hakuna kurudi nyuma. Kwa mbinu ya ateri kwanza, mpasuaji huifikia ateri akiwa bado hajakata kitu kisichorudishika. Akikuta imezingirwa na uvimbe, husimama. Ikiwa huru, huondoa mafuta na neva za upande wake wa kulia hadi ukuta wa mshipa ubaki wazi. Heidelberg, Ujerumani, walieleza mwaka 2017 namna ya kusafisha pembetatu yote iliyo kati ya ateri hiyo, ateri ya siliaki na vena ya ini. Lakini neva zikiondolewa kuizunguka ateri pande zote, mgonjwa hupata kuhara kusikokoma. Vena iliyogandamana na uvimbe yaweza kukatwa kipande na kuungwa. Kwa uvimbe wa mkia, Strasberg wa Marekani alipendekeza mwaka 2003 kukata kutoka kulia kwenda kushoto na kwa kina zaidi, mbele ya figo, pamoja na wengu.

Isidhaniwe kwamba kukata zaidi ndiko kuponya zaidi. Majaribio ya Italia, Marekani, Japani na Korea Kusini yalilinganisha uondoaji wa kawaida wa tezi za limfu na ule mpana. Ule mpana haukuongeza maisha. Hata hivyo, tezi zisizopungua 12 zinapaswa kuchunguzwa ili hatua ya ugonjwa ijulikane kwa hakika.

Chembe zilizokwisha kusambaa hazifikiwi kwa kisu. Jaribio la Ufaransa na Kanada lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba waliopewa mchanganyiko wa FOLFIRINOX uliorekebishwa baada ya upasuaji waliishi wastani wa kati wa miezi 54.4, na waliopewa gemsitabini pekee miezi 35. Kwa maoni yangu, upasuaji uliosafisha ateri vizuri lakini ukamwacha mgonjwa na mvujo wa kongosho, amekonda, hawezi kuanza dawa, haujamfaa. Inakubalika kusubiri hadi wiki 12 apate nguvu. La muhimu zaidi ni amalize mizunguko yote.

Wenzangu wa zahanati na hospitali za wilaya: macho ya manjano yasiyo na maumivu, mkojo mweusi kama chai ya rangi, kinyesi cheupe na kupungua uzito kwa mtu mzima si homa ya ini mpaka ithibitishwe. Picha ya CT yenye dawa ya mishipa ipigwe kabla ya kuwekwa mrija wa nyongo, kwa kuwa mrija huivuruga picha. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2010 lilikuta madhara makubwa kwa asilimia 74 ya waliowekewa mrija kwanza, dhidi ya 39 ya waliopasuliwa mapema. Mrija ubaki kwa mwenye maambukizi ya njia ya nyongo, mwenye manjano kali mno, au atakayeanza na dawa kabla ya upasuaji.

Nawe mgonjwa, omba nakala ya ripoti ya patholojia. Tafuta humo mambo mawili: umbali wa saratani kutoka kila ukingo kwa milimita, na idadi ya tezi zilizochunguzwa. Visipoandikwa, mwombe daktari wako awasiliane na maabara kabla mabaki ya nyama hayajatupwa.