Kifungo Halali na Kifungo cha Haki

Wengi hudhani kwamba polisi wakimkamata mtu na hakimu akamfunga, basi sheria imetimia. Sivyo. Yatupasa kuuliza mambo matatu: Waliomkamata walikuwa na idhini ya sheria? Aliyehukumu alikuwa na mamlaka? Ushahidi ulikuwa wa kweli? Kesi ya Kapenguria yatufundisha.

Mwezi wa Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya, na usiku uleule polisi wakamkamata Jomo Kenyatta na watu wengi. Kwa swali la kwanza serikali ilikuwa na jibu: sheria za hatari ziliruhusu kumzuia mtu pasipo kesi. Lakini aliyezitunga ndiye aliyezitumia.

Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau. Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwafunga miaka 7 kwa kazi ngumu. Mwaka uleule Mahakama Kuu ya Kenya ilisema hakuwa na mamlaka, kwa kuwa aliwekwa kuwa hakimu wa Jimbo la Kaskazini, nayo Kapenguria ilikuwa katika Jimbo la Rift Valley. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaupindua uamuzi huo. Mwaka 1954 Achieng Oneko alishinda rufani yake, lakini hakwenda nyumbani, alibaki kizuizini.

Tena, shahidi mkuu, Rawson Macharia, alisema kwamba Kenyatta alilisha watu kiapo. Mwaka 1958 aliapa kwamba ushahidi ule ulikuwa wa uongo, naye aliahidiwa malipo. Mwaka 1959 alifungwa, si kwa ushahidi wa kwanza, bali kwa kiapo hicho cha pili! Na hukumu ya Kapenguria haikuguswa.

Basi, kifungo kile kilipata mhuri wa mahakama, lakini kwa maoni yetu hakikuwa cha haki. Maana mhuri hauwezi kuugeuza uongo kuwa kweli. Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaagiza aliyekamatwa aambiwe sababu upesi, na kwa kawaida afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Wazazi, wafundisheni watoto wenu kuijua haki hiyo. Zaidi ya hayo, wafundisheni kutomshuhudia jirani uongo, hata wakiahidiwa malipo. Kwa maana pasipo shahidi mwongo, hakimu mpotovu hufanya kazi kwa shida.