Kanda Mara Moja, Oka Mara Tatu: Hesabu ya Unga wa Kwenye Friza

Ndugu zangu, somo la leo ni la jikoni, lakini tutalimaliza na kalamu mkononi. Ukimuuliza mtu pesa yake inaishia wapi, atakutajia kodi, vocha na pesa ya nyumbani. Kifungua kinywa cha kununua huwa hakitaji, kwa sababu kila siku ni senti kidogo tu. Hiyo senti kidogo ndiyo tunayoitafuta.

Wengi wanajua kupika skonzi. Kinachowashinda ni muda. Ukitoka kazini jioni huna nguvu ya kukanda, na ukioka nyingi siku ya mapumziko, siku ya nne zimekauka. Dawa yake ni kukanda mara moja, kugandisha madonge yakiwa mabichi, kisha kuoka kidogo kidogo.

Vipimo vya skonzi 18

Unga wa ngano kilo 1. Hamira ya chenga vijiko 2 vya chakula vilivyosawazishwa. Sukari vijiko 3, chumvi kijiko 1, mafuta vijiko 4. Maji mililita 600, yaani chupa ndogo ya nusu lita na nyongeza kidogo.

Kwa skonzi za kuoka siku hiyo hiyo, hamira ya kijiko kimoja na nusu ingetosha. Tunaongeza kwa sababu baridi ya friza huua sehemu ya hamira. Inayobaki hulala tu, na ikipata joto huamka na kufanya kazi.

Kabla ya yote, ijaribu hamira yako. Koroga kidogo na sukari kwenye maji ya uvuguvugu. Ikipita dakika 10 bila povu, itupe. Afadhali upoteze hamira kuliko kilo nzima ya unga.

Namna ya kufanya

1. Kanda kwa maji ya baridi, dakika 10 hadi 15, mpaka unga uwe laini na uvutike bila kukatika. Maji ya baridi yanauzuia usiumuke mapema, hasa kwenye joto la huku Ghuba.
2. Upumzishe dakika 10 tu. Usiuache uumuke sana, maana nguvu ya hamira tunaiwekea siku ya kuoka.
3. Kata madonge 18, yapake mafuta kidogo, yapange kwenye trei bila kugusana. Ingiza friza mpaka yawe magumu.
4. Sasa yatie kwenye mifuko ya nailoni, sita sita. Toa hewa, funga vizuri, andika tarehe na jina lako.
5. Usiku wa kuamkia siku ya kuoka, toa mfuko mmoja. Panga madonge kwenye trei iliyopakwa mafuta, yafunike, uyaweke sehemu ya kawaida ya friji yayeyuke polepole hadi asubuhi.
6. Yatoe nje yaumuke, saa moja hadi saa moja na nusu. Oka kwenye nyuzi joto 190 kwa dakika 15 hadi 20. Chini ziwe na rangi ya dhahabu, na ukizigonga zitoe sauti ya kitu chenye uwazi ndani.

Huna oveni? Bonyeza donge liwe bapa, unene wa kidole, ulichome kwenye kikaango chenye mfuniko, moto mdogo, ukigeuza pande zote mbili.

Tumia madonge ndani ya wiki tatu. Yakishayeyuka usiyarudishe friza, na usiyaache nje kutwa nzima ukiwa kazini.

Sasa hesabu

Nitatumia mfano wa Oman, ambako rial 1 ni baisa 1,000. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka za dukani kwako.

Pishi moja: unga 300, hamira 60, sukari, chumvi na mafuta 60, umeme wa kuwasha oveni mara tatu 120. Jumla baisa 540, kila skonzi baisa 30.

Tuseme kila siku ya kazi unanunua parata mbili na yai kwa baisa 300. Siku 26 ni baisa 7,800. Ukila skonzi mbili za kwako na yai la baisa 60, mapishi matatu ni 1,620 na mayai 26 ni 1,560. Jumla 3,180. Umebakiza baisa 4,620 kwa mwezi, yaani rial 55 na baisa 440 kwa mwaka.

Lakini pishi moja likiharibika, utanunua tena kifungua kinywa siku tisa, na akiba ya mwezi huo itashuka hadi baisa 2,460. Karibu nusu imeondoka. Ndiyo maana nimesisitiza hamira na tarehe.

Mambo matatu ya kuangalia

Kwanza, linganisha na kile unachonunua kweli. Kama sasa hivi unakula mkate wa Kiarabu wa bei ya chini, huenda skonzi zisikuokolee kitu. Na dada zangu wa kazi za ndani, kama chakula unapewa na bosi, usiandike akiba ambayo haipo. Hesabu hii ni ya anayejinunulia.

Pili, friza ya nyumba ya bosi si yako. Omba ruhusa kwanza, nunua unga wako, tunza risiti. Skonzi sita hazifai kukuletea maneno ya wizi ukiwa ugenini. Kwenye kambi pia, kubalianeni nani ana sehemu gani ya friza.

Tatu, pesa uliyookoa ikibaki mfukoni italiwa na kitu kingine. Kila ukifungua mfuko wa madonge, tenga tofauti ya siku tatu kwenye bahasha. Usiitume kila wiki, kwa kuwa maduka ya kutuma pesa kwa kawaida hutoza ada kila unapotuma. Iunganishe na pesa ya mwezi, ada iwe moja.

Zoezi la wiki hii

Andika kwa siku saba bei ya kila kifungua kinywa unachonunua. Kisha kanda nusu kilo tu, madonge tisa, ujaribu. Toa gharama ya skonzi na ya kitoweo chake kwenye bei ya kununua. Ikibaki baisa 20 tu kwa siku, lala usingizi wako, huna haja ya kukanda. Ikibaki 150 au zaidi, kazi ya siku ya mapumziko umeshaipata.