Kuiamuru Kompyuta kwa Maneno: Somo la Mwanzo kwa Wakazi wa Kata

Mkazi wa Isingiro anayebonyeza *150*00# ili kutuma fedha kwa M-Pesa, au *152*00# ili kufikia huduma za Serikali kwa simu yake ya vitufe, ameshatoa amri kwa kompyuta. Hakugusa picha yoyote wala hakusogeza kipanya. Ameandika mfuatano wa alama, akaupeleka, na mtambo ulio mbali ukamjibu kwa maandishi. Tofauti kati ya mkazi huyo na fundi aliyeketi mbele ya skrini nyeusi yenye herufi nyeupe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa maana wote wawili wanaiamuru mashine kwa kuandika. Somo hili linaeleza amri hizo zinafanya kazi juu ya nini, na kwa nini mtu asiyezielewa anaweza kupoteza kumbukumbu za chama, au akaunti yake ya simu, kwa mstari mmoja tu.

Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni sawa na ofisi ya kata yenye meza, makabati na majalada, lakini haina mtendaji. Vitu vyote vipo, ila hakuna wa kuvipanga. Mfumo endeshi ndiye mtendaji huyo: huamua programu ipi ihudumiwe kwanza, hugawa nafasi ya kumbukumbu, hutunza mafaili kwenye diski, na humzuia mgeni asifungue kabati lisilo lake. Programu ya kuandika barua haigusi diski moja kwa moja. Huomba, na mfumo endeshi hutekeleza au hukataa. Windows ni mfumo wa namna hiyo. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, ni mwingine. Android iliyomo katika simu janja nyingi za wilayani imejengwa juu ya kiini cha Linux, hivyo wengi wanaosema hawajawahi kuitumia Linux huwa wanayo mfukoni.

Mtu anaweza kuzungumza na mtendaji huyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya picha, ambapo huonyesha kitu kwa kidole au kwa kipanya. Ya pili ni ya maneno, ambapo huandika amri na kubonyeza kitufe cha Enter. Katika Windows, dirisha la amri hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, kisha kuandika cmd. Katika Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, hubonyezwa Ctrl, Alt na T kwa pamoja. (Jina Ubuntu limetoka katika lugha za kusini mwa Afrika, na lina ukoo mmoja na neno utu la Kiswahili.)

Kabla ya kuandika amri yoyote, mwanafunzi hana budi kuelewa anwani, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Mafaili hukaa ndani ya makabrasha, na makabrasha ndani ya makabrasha mengine, kama vile kitongoji kilivyo ndani ya kijiji, kijiji ndani ya kata, na kata ndani ya wilaya. Katika Linux, anwani kamili huanza na alama ya mkwaju, na kila ngazi hutenganishwa na nyingine kwa mkwaju: /Tanzania/Kagera/Kyerwa/Isingiro. Ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Uganda, kuna wilaya nzima yenye jina hilohilo, ambayo anwani yake ingekuwa /Uganda/Isingiro. Majina ni mamoja, mahali ni pawili, na kompyuta haichanganyi hata kidogo. Mafaili mawili yanaweza kuitwa wanachama bila kugombana, mradi yawe katika makabrasha tofauti.

Anayechanganya ni binadamu. Akiwa ndani ya Kyerwa na kuandika Isingiro pasipo mkwaju wa mwanzo, kompyuta humwelewa, kwa kuwa hutafuta hapo alipo. Akiandika neno hilo akiwa bado ngazi ya Kagera, hujibiwa kwamba hakuna kitu cha jina hilo, ijapokuwa kipo ngazi mbili chini yake. Wengi hudhani faili limepotea au kompyuta imeharibika, kumbe wamesimama mahali pasipo penyewe. Zaidi ya hayo, Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwake Isingiro na isingiro ni vitu viwili. Windows haijali tofauti hiyo, lakini huanza anwani zake kwa herufi ya diski, kama C:, na hutumia mkwaju ulioinamia upande wa pili.

Kwa sababu hiyo amri ya kwanza kujifunza ni ile inayouliza mtu alipo. Katika Linux ni pwd, na katika Windows ni cd ikiandikwa peke yake. Ya pili huuliza kilichopo mahali hapo: ls katika Linux, dir katika Windows. Ya tatu humhamisha mtu: cd Kyerwa humwingiza katika kabrasha la Kyerwa, na cd ikifuatiwa na nafasi na nukta mbili humrudisha ngazi moja juu. Hizi tatu hazibadilishi kitu chochote. Mtu anaweza kuzitumia siku nzima bila kuharibu hata herufi moja, na ni vyema afanye hivyo kabla ya kugusa nyingine.

Amri mkdir huunda kabrasha jipya. Amri cp hunakili, na mv huhamisha au hubadilisha jina. Katika Windows kazi hizo hufanywa na copy, move na ren. Hapa tahadhari huanza. Iwapo huko kunakopelekwa nakala tayari kuna faili la jina hilo, cp ya Linux kwa kawaida huandika juu yake bila kuuliza, na la zamani hutoweka. Kuongeza -i, yaani kuandika cp -i, huifanya iulize kwanza.

Amri ya kufuta ni rm, na inastahili kukaliwa muda mrefu. Mtu aliyezoea kufuta kwa kipanya anajua kwamba faili huenda kwanza kwenye pipa la taka na linaweza kurejeshwa. Amri rm haina pipa. Kinachofutwa kwayo huondoka papo hapo, na kukirejesha ni kazi ya wataalamu ambayo mara nyingi haifanikiwi. Ikiongezewa -r, hufuta kabrasha pamoja na vyote vilivyomo.

Chukulia karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Katika kompyuta yake kuna kabrasha liitwalo kahawa, lenye daftari la wanachama na kilo walizoleta kwa misimu yote. Kando yake kuna kabrasha la pili, kahawa 2023, ambalo ni nakala ya zamani inayojaza diski. Karani anataka kuliondoa hilo la pili, naye anaandika: rm -r kahawa 2023. Kwa jicho la binadamu amri hiyo ni sahihi. Kwa kompyuta, nafasi kati ya maneno ni mpaka. Imeambiwa ifute vitu viwili, kimoja kiitwacho kahawa na kingine kiitwacho 2023. Italifuta kabrasha la kwanza kimya kimya, kisha italalamika kwamba 2023 haionekani. Hulalamikia kisichokuwepo, wala haisemi neno juu ya ilichokiangamiza. Karani ataona lalamiko hilo, atadhani amri imekataliwa, na huenda asigundue hasara mpaka siku mkulima atakapokuja kuulizia malipo yake.

Kinga yake si ngumu. Jina lenye nafasi huwekwa ndani ya alama za kunukuu: rm -r "kahawa 2023". Bora zaidi ni kutoweka nafasi katika majina kabisa, na kuandika kahawa-2023. Pia, kabla ya kuandika rm, mtu huandika ls kwa maneno yaleyale yatakayofuata, aone kompyuta imeelewa nini. Na daftari la namna hiyo linapaswa kuwa na nakala nje ya kompyuta, katika flashi inayofungiwa mahali pengine. Nakala iliyo kwenye diski ileile huungua pamoja nayo radi ikipiga, na huibwa pamoja nayo mwizi akija.

Hatari ya amri isiyoeleweka haipo kwenye kompyuta pekee, na kwa wakazi walio wengi iko karibu zaidi upande wa simu. Tapeli hupiga akijitambulisha kuwa mhudumu, kisha humwomba mtu abonyeze nyota, 21, nyota, namba fulani, na alama ya reli. Mstari huo ni amri kwa mtandao wa simu kwamba simu zote zinazomjia mtu huyo zipelekwe kwa namba iliyotajwa. Ujumbe mfupi hauhamishwi kwa njia hiyo, lakini WhatsApp, kwa mfano, inaweza kumsomea mtumiaji namba ya uthibitisho kwa sauti, na sauti hiyo itasikika kwenye simu ya tapeli. Anayetaka kujua kama simu zake zimeelekezwa kwingine hubonyeza *#21#, na anayetaka kuondoa maelekezo yote hubonyeza ##002#. Laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa ataziona kwa *106#, na namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe kwenda 15040. Kanuni ni ileile ya rm: mstari usioweza kueleza kila kipande chake usibonyezwe, hata aliyeutuma akiwa mtu wa heshima.

Wenye kompyuta za zamani wana sababu nyingine ya kujifunza. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya masahihisho ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo zinaendelea kuwaka, lakini nyufa mpya zinazogunduliwa haziziwi tena kama zamani, na mashine nyingi za miaka iliyopita haziwezi kupokea Windows 11. Shule au kikundi kisicho na fedha za kununua mpya kinaweza kuweka Linux, ambayo haina ada ya leseni na huwa nyepesi. Gharama yake ni kujifunza, nayo si ndogo; programu iliyotengenezwa kwa Windows tu inaweza kukataa kufanya kazi, kwa hiyo jambo hilo lichunguzwe kabla diski haijafutwa.

Lugha nayo si kikwazo kikubwa kama inavyosemwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Amri zenyewe zilibaki kama zilivyo: vifupisho vilivyorithiwa kutoka Unix, mfumo ulioanza mwaka 1969 nchini Marekani, enzi ambazo majibu ya kompyuta yalichapwa polepole kwenye karatasi na kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa nafuu. Mwingereza anayekutana na ls au pwd kwa mara ya kwanza haambulii zaidi ya mkazi wa Kyerwa.

Tena mfumo unaruhusu majina mapya. Katika Linux, mtu akiandika alias orodha='ls', neno orodha huanza kufanya kazi ya ls. Akiandika alias futa='rm -i', amepata amri ya Kiswahili ambayo, kabla ya kufuta kila faili, huuliza na kungoja jibu. Majina hayo hudumu mpaka dirisha lifungwe. Anayetaka yawepo kila siku huandika mistari hiyohiyo mwishoni mwa faili liitwalo .bashrc, lililomo katika kabrasha lake la nyumbani, kisha hufungua dirisha jipya. Faili hilo halionekani kwa ls ya kawaida kwa kuwa jina lake linaanza na nukta. Amri ls -a hulionyesha.