Majonzi katika nafsi ya tatu

Kwa nini baadhi ya wanaoendeleza hadithi za waandishi wengine hupenda majonzi kuliko kicheko? Jibu moja limo katika sarufi. Mwaka 1996, vita viliwavusha watu wengi wa Fizi na Baraka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Kutamka “nilivuka usiku, mtoto akapotea” ni kujivua nguo mbele ya wageni. Badili kiambishi ni- kiwe a-, kisha safari hiyo umpe mhusika wa kuazima, kama Rosa wa Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971), ambaye tayari ana uchungu wake: “alivuka usiku, mtoto akapotea.” Tukio halikubadilika, ila msimulizi amepata kivuli. Furaha haihitaji kivuli. Hiyo twaisimulia kwa ni-.